Kuunganisha grili na majiko ya kambi kwenye gesi ya remoroki: mwongozo kamili kutoka Goma

Mwezi haupiti bila mtu wa hapa Goma kuniita nikaangalie grili "iliyokufa". Nikifika nakuta haijafa hata kidogo. Grili ni nzima, bombone (mtungi wa gesi) imejaa, mpira ni mpya, lakini moto unaochezacheza ni wa mshumaa, na mishikaki imekaa juu yake nusu saa bila kubadilika rangi. Mwenye remoroki amekwisha kaza kila nati mara tatu, na sasa ameshika sindano ya kushonea, anataka kupanua kitundu cha gesi. Mnyang'anyeni sindano hiyo.

Ugonjwa huo karibu kila mara ni ule ule: gesi imepitishwa kwenye detandere mbili zinazofuatana, yaani vile vifaa vya kupunguza presha ya bombone. Wapo pia waliofanya kinyume chake, wakaunganisha jiko moja kwa moja na bombone bila detandere yoyote. Hao hawaniiti kwa sababu ya moto mdogo.

Remoroki ninayoizungumzia ni ile inayovutwa na gari, yenye bombone yake mbele, ya kuuzia chakula au ya kubebea vifaa vya safari. Mwongozo huu ni wa kuongeza juu yake grili ya kubebeka na jiko la kambi, ili vyote vinywe kwenye bombone moja. Bomba la ndani la remoroki mwachie fundi aliyezoea gesi. Mengine yote, kuanzia robine (koki) ya kutokea hadi kwenye moto, unaweza kuyafanya mwenyewe ukiwa na subira.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kazi ukiwa umekosa hata kimoja. Kazi ya gesi iliyoachwa nusu ili mtu akimbie sokoni ndiyo inayoacha nati bila kukazwa.

- Bombone ya kilo 12 au zaidi. Ya kilo 6 inatosha jiko moja, haitoshi remoroki.
- Detandere ya presha ndogo, ile ambayo wenzetu wa Nairobi huiita regulata. Iwe imeandikwa milibari 28 hadi 30, na uwezo wa kilo 1.5 kwa saa au zaidi.
- Mpira wa gesi ya kupikia wenye maandishi ubavuni: aina ya gesi, presha na mwaka. Mpira wa maji, hata uwe mnene namna gani, haufai. Gesi hii huulainisha, halafu huupasua.
- Mpira wa presha kubwa, ikiwa jiko lako la kambi lina detandere yake mwilini. Utaona sababu katika hatua ya kwanza.
- Robine ya gesi kwa kila tawi, na kiungo cha T.
- Kolie za chuma, zile pete za kubana mpira, za kukaza kwa bisibisi. Waya wa kufungia si kolie.
- Tefloni ya gesi, utepe wa kuzungushia nyuzi, nene kuliko ile nyeupe ya maji.
- Spana mbili. Moja inashika, nyingine inakaza. Ukitumia moja utapinda bomba.
- Sabuni ya maji, kikombe na brashi ndogo.
- Kizimamoto cha unga.

Ukiweza kupata manometa, yaani kipimo cha presha, ndogo ya kufunga kwenye bombone, nunua. Haihitajiki sana, lakini itakuokolea maneno mengi na fundi wako.

Hatua ya 1: Soma kila jiko kabla ya kuligusa

Hatua hii ndiyo wengi wanayoiruka, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko mahali pengine.

Majiko yanayofika Goma hayana ukoo mmoja. Moja limetoka Ulaya, jingine Marekani kupitia mikono ya mtu aliyemaliza mkataba wake hapa na kuuza vitu vyake vyote, jingine limenunuliwa Dubai. Kila moja lilitengenezwa likitegemea presha fulani, na kitundu cha gesi chake, kile cha shaba ambacho mafundi wetu wanakiita jikleri, kilitobolewa kwa kipimo cha presha hiyo. Ligeuze jiko, utafute kibao au stika. Utakuta moja ya hali tatu.

*Jiko lisilo na detandere.* Lina mdomo wa kuingizia mpira, basi. Kibao kinasema milibari 28, 30 au 37. Yale ya Marekani yanasema inchi 11 za maji, kipimo chao cha presha, ambazo ni kama milibari 27, kwa hiyo yanakaa vizuri kwenye detandere yetu ya 28 hadi 30. Ya 37 yatawaka pia, ila moto utakuwa mpole kidogo. Ukikuta 50, kama ilivyo kwa vifaa vingi vya kambi vya Ujerumani, moto utakuwa dhaifu kwenye 30 na hutaupenda. Lakini usithubutu kufanya kinyume: jiko la 30 likiwekwa kwenye detandere ya 50 litawaka kuliko lilivyoumbwa.

*Grili yenye detandere kwenye mpira wake.* Hii ni grili ya kawaida ya Marekani: mpira mweusi, na mwishoni kisahani cha chuma kinachofungwa kwenye bombone. Kisahani hicho ndicho detandere. Grili yenyewe inahitaji zile inchi 11 tu. Basi toa mpira mzima pamoja na kisahani chake, kuanzia pale unapoingia kwenye grili, uweke mpira wa presha ndogo kutoka kwenye tawi la remoroki. Ukiacha kisahani mahali pake na kukiunganisha na gesi ambayo detandere ya remoroki imeshaipunguza, unapata ule moto wa mshumaa. Detandere ya pili inangoja presha kubwa ili ifanye kazi, na presha kubwa haiji.

*Jiko la kambi lenye detandere mwilini.* Ni lile jiko la sanduku, lenye mkono wa chuma ambao kwa kawaida hufungwa kwenye kikopo kidogo cha gesi cha gramu 465. Detandere iko ndani ya mkono huo. Hapa ni rahisi kukosea, kwa sababu mengi ya majiko haya yana jikleri ndogo iliyopimwa kwa presha kubwa kuliko milibari 30. Ukiondoa mkono na kuliunganisha kwenye tawi la presha ndogo, moto utakuwa mdogo. Ukiuacha, utakuwa mdogo zaidi. Jiko hili linataka gesi ya bombone ambayo haijapita kwenye detandere ya remoroki, na mkono wake ubaki ulipo. Isipokuwa kibao chake kinasema wazi inchi 11 au milibari 28 hadi 30. Hapo lichukulie kama grili ya hali ya pili.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kati ya bombone na moto iwepo detandere moja. Zisiwe mbili, na isikosekane.

Angalia pia herufi. G30 ni butani, G31 ni propani, zote mbili ni gesi ya bombone. G20 ni methani ya bomba la mjini kama Ulaya, na jikleri ya jiko hilo ni pana. Ukiliunganisha na bombone utapata moto mrefu wa njano unaolamba paa. Kuna mteja aliniambia kwamba gesi yetu ni methani kwa sababu tunakaa juu ya Ziwa Kivu. Methani ya ziwa ipo kweli, na jirani zetu wa Rwanda wanaichoma kutoa umeme, lakini haimo kwenye bombone yako.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye mstari mmoja kwa kila jiko: presha yake, lina detandere au halina, na nguvu yake. Nguvu huandikwa kwa kilowati. Zile za Marekani zinaandikwa BTU, na 3,412 zake ni kilowati moja.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya gesi

Hii ni fupi. Kilo moja ya gesi ina joto la karibu kilowati-saa 12.8. Chukua grili ya BTU 12,000, yaani kilowati 3.5, na jiko la kambi la mioto miwili ya BTU 10,000 kila mmoja, yaani karibu kilowati 5.9 kwa pamoja. Jumla ni 9.4. Gawa kwa 12.8, unapata gramu 730 hivi kwa saa moja ikiwa vyote vimefunguliwa mpaka mwisho.

Bombone ya kilo 12 itakupeleka kama saa 16. Detandere ya kilo 1.5 kwa saa inatosha, na bado ina pumzi. Ukiwa na sufuria kubwa ya bugali juu ya jiko la presha la kilowati 10 hapo hapo, usiliongeze. Jiko kama hilo lina detandere yake ya kurekebisha, nalo lipewe bombone yake.

Hatua ya 3: Mahali pa bombone, au somo la mazuku

Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa hatua hii kwa maneno mengi. Tunajua mazuku. Tunajua kwamba upande wa Bulengo na Mugunga kuna mashimo ambayo mbuzi akishuka asubuhi hapandi tena, kwa sababu gesi ya volkano ni nzito kuliko hewa na hulala chini kama maji. Wazazi huwakataza watoto kucheza kwenye mabonde hayo.

Gesi ya bombone ina tabia hiyo hiyo. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani ni mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Inashuka sakafuni, inajaza kona, inaingia kwenye mtaro, inangoja. Tofauti ni kwamba mazuku huua kimya, na hii hungoja cheche. Inatosha iwe sehemu 2 kati ya 100 za hewa ili ishike moto.

Kwa hiyo:

Bombone ikae nje ya remoroki, kwenye shingo la kuvutia, imesimama wima na kufungwa kwa mkanda. Ikilala, gesi ikiwa bado ya majimaji itaingia kwenye detandere, na lita moja ya maji hayo ikifunguka huwa lita 270 hivi za gesi. Hapo hakuna detandere itakayokusaidia.

Ukiifunika kwa sanduku la kuzuia wezi, na najua utaifunika, sanduku liwe na matundu chini kabisa, kwenye sakafu yake. Nimeona masanduku mazuri yaliyochomelewa kwa ustadi, matundu yote yakiwa juu. Hilo ni shimo la mazuku ulilolilipia mwenyewe.

Usiegeshe remoroki juu ya mtaro au kwenye bonde la mawe ya lava. Na ndani ya remoroki, toboa matundu mawili ya kupitisha hewa usawa wa sakafu, pande mbili tofauti, yasizibwe na magunia ya viazi.

Umefanikiwa ukiweza kumwaga ndoo ya maji penye bombone na maji yakaondoka yenyewe kwenda uwanjani. Yanapokwenda maji, gesi itakwenda.

Hatua ya 4: Panga njia mbili

Njia ya kwanza ni ya presha ndogo. Bombone, detandere, kisha bomba la shaba au chuma chini ya remoroki, na mwishoni T yenye matawi. Kila tawi lina robine yake. Grili na majiko yasiyo na detandere yanakula hapa. Bomba lishikwe kwa vibanio kila baada ya nusu mita, maana barabara ya kwenda Sake haina huruma kwa kitu kinachoning'inia. Pale linapotoboa bati, livishe mpira, la sivyo bati litalikata taratibu.

Njia ya pili ni ya jiko la kambi lenye detandere mwilini. Hapa gesi inachukuliwa kabla ya detandere ya remoroki, kwa kiungo cha T kinachofungwa kati ya mdomo wa bombone na detandere, na kutoka hapo mpira wa presha kubwa unakwenda moja kwa moja hadi kwenye jiko. Mwisho wa mpira uwe na uzi wa inchi moja wenye meno 20 kwa inchi, ule ule wa vile vikopo.

Mambo matatu kuhusu njia hii ya pili, na sitanii kwa lolote:

Kwanza, ndani ya mpira huo mna presha ya bombone yenyewe. Propani kwenye joto la digrii 20 ina presha inayozidi bari 7, wakati detandere yako inatoa 0.03. Mpira wa presha ndogo ukiuweka hapo utachomoka au utapasuka.

Pili, mpira huo upite nje tu. Usiuingize ndani ya remoroki hata kwa dakika moja.

Tatu, T hii inawezekana kwa bombone za kufunga kwa nati. Kama bombone yako ni ya kubofya, ile ambayo detandere inakaa juu yake kwa kubonyeza, hakuna mahali pa kuweka T. Usibuni. Mpe jiko la kambi bombone yake ndogo yenye mdomo wa nati, na habari iishie hapo. Nimeona T za kuchomelea kwenye bombone za kubofya. Mwenye moja aliniuliza kwa nini ninaondoka haraka.

Na wale wanaojaza tena vile vikopo vya gramu 465 kutoka kwenye bombone: vilitengenezwa kutumika mara moja. Vali yake ikishafunguka mara nyingi hairudi sawasawa. Waacheni.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Funga robine ya bombone kwanza. Hakikisha hakuna babula, yaani jiko la makaa, inayowaka karibu, hata ya jirani. Muombe kwa heshima aisogeze, mwambie ni dakika 30. Mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, atakuelewa kuliko mwanawe mwenye sigara.

Kagua nati. Nyingi za upande wa bombone hukazwa kinyume, kwenda kushoto, na zina mikato midogo kwenye pembe zake ili kukuonya. Ukiona mikato hiyo, usitumie nguvu kuelekea kulia. Shaba ni laini, meno yataliwa na hutajua mpaka gesi ivuje.

Tefloni inawekwa kwenye nyuzi zilizochongoka tu, zile zinazobana kadiri unavyozungusha. Nati yenye pete ya mpira ndani, au yenye koni ya shaba inayokaa kwenye koni nyingine, haitaki tefloni. Inazibwa na uso wake, siyo na nyuzi. Ukizungusha tefloni hapo unazuia nyuso zisikutane, na kipande chake kinaweza kusafiri hadi kwenye jikleri na kuiziba.

Mpira wa presha ndogo uingie kwenye mdomo wake mpaka upite vijikunjo vyote, kisha kolie ikazwe nyuma ya kijikunjo cha kwanza. Ukigoma kuingia, uchovye ncha yake kwenye maji ya moto. Usipake mafuta. Kolie ikibana mpaka inakata mpira, umezidisha.

Urefu: mimi sizidishi mita moja na nusu. Mpira mrefu hukanyagwa, hupitiwa na gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, hulazwa juu ya grili na mtu asiyefikiri. Upite mbali na joto. Weka kiganja chako pale ulipo mpira baada ya grili kuwaka dakika 10. Kama mkono haustahimili, mpira pia haustahimili.

Umefanikiwa ukiweza kuuvuta kila mpira kwa nguvu za mkono mmoja bila kusogea hata milimita.

Hatua ya 6: Sabuni, halafu dakika kumi

Funga vifundo vyote vya majiko, robine za matawi zikiwa wazi. Fungua bombone taratibu, nusu mzunguko. Chovya brashi kwenye maji ya sabuni yenye povu zito, upake kila kiungo: mdomo wa bombone, detandere, T, kolie, robine, mpira wenyewe kwa urefu wake wote. Ngoja. Uvujaji mdogo hauchemki. Unaotesha kiputo kimoja kinachokua polepole kama jicho la samaki. Kikaze kiungo hicho na upake tena. Kikiendelea, fungua, usafishe, ufunge upya. Usiongeze kukaza tu.

Hakuna kiberiti katika hatua hii. Najua kuna fundi aliyekuonyesha kwa kiberiti na hakuna kilichotokea. Alikuwa na bahati, nawe ulikuwa umesimama karibu na bahati yake.

Baada ya sabuni, funga bombone na uangalie manometa kwa dakika 10. Mshale ukikaa palepale, mfumo umeshika. Kama huna manometa, fanya hivi: bombone ikiwa imefungwa na gesi iliyobaki kwenye mabomba, ngoja hizo dakika 10, kisha uwashe jiko moja. Likiwaka kwa sekunde chache kwa gesi iliyobaki na kuzimika, ni dalili nzuri. Likikataa kabisa kuwaka, gesi ilishatoroka mahali fulani. Rudi kwenye sabuni.

Hatua ya 7: Moto wa kwanza, na urefu wa mji wetu

Kifuniko cha grili kiwe wazi kabla ya kuwasha. Kila wakati. Gesi iliyokusanyika chini ya kifuniko kilichofungwa imenyoa nyusi nyingi.

Kiberiti au kiwashio kwanza, gesi baadaye. Moto ukikataa kwa sekunde tano, funga, hesabu dakika tano, uanze upya.

Sasa angalia rangi. Moto unaotakiwa ni wa bluu, mfupi, na ndani yake koni ndogo iliyo wazi zaidi. Ncha za njano na masizi chini ya sufuria maana yake ni hewa kidogo. Moto unaoruka kutoka kwenye matundu ukinguruma maana yake ni hewa nyingi au presha nyingi.

Hapa mji wetu unaleta jambo ambalo kijitabu cha jiko hakikutaja. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi: presha yake ni kama asilimia 84 ya ile ya Mombasa au Matadi. Jiko lililorekebishwa kiwandani kwa ajili ya pwani, likifika hapa linapata oksijeni pungufu kwa gesi ile ile, na linaonyesha njano. Kwenye shingo la kila moto wa jiko kuna kibati cha kuzungusha kinachofungua na kufunga dirisha la hewa. Legeza skrubu yake, ufungue dirisha kidogo kidogo mpaka njano ipotee, ukaze. Kama njano haipotei hata dirisha likiwa wazi lote, safisha buibui na masizi ndani ya shingo kabla ya kulaumu kitu kingine. Buibui wanapenda sana shingo za grili zilizokaa stoo.

Grili yenyewe ibaki nje, hatua mbili au zaidi kutoka ukuta wa remoroki na turubai. Mvua ya Goma itakushawishi uiingize ndani. Usikubali. Moto wa ndani usio na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na mpishi huanza kwa kuumwa kichwa akidhani ni njaa.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza ya kazi

Saa mbili za kazi nzito zikipita, gusa bombone. Itakuwa baridi, pengine ina jasho. Si ubovu: gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa hunyonya joto, na inalinyonya kwenye chuma cha bombone yenyewe. Kadiri unavyochoma kwa kasi, ndivyo inavyopoa, na ndivyo presha inavyoshuka.

Butani inaacha kuchemka ikifika karibu digrii sifuri, wakati propani inaendelea mpaka 42 chini ya sifuri. Bombone yenye butani nyingi itachoka mapema usiku wa baridi wakati wateja wa mishikaki ndio wameongezeka. Kundi likipanda volkano ya Nyiragongo na kulala karibu na kileleni, mita 3,470, litaiona shida hii zaidi kuliko muuzaji wa Katindo hapa mjini.

Dawa ni bombone kubwa zaidi, au mbili za kupokezana. Maji ya moto, babula chini yake, blanketi la umeme: vyote hivyo nimeviona, na vyote ni vya mtu anayetaka kuhamishwa mtaa bila kufunga mizigo.

Harufu ikija

Gesi hii imetiwa harufu ya yai bovu kwa makusudi. Ukiinusa katikati ya kazi, mpangilio ni huu: zima moto wote, funga bombone, toa watu nje, fungua milango. Usiwashe wala kuzima taa. Usipige simu ukiwa ndani. Subiri mpaka harufu iishe chini, siyo juu tu: inama, unuse karibu na sakafu.

Kama moto umeshika kwenye mdomo wa bombone na mkono unaweza kufikia robine kwa kitambaa chenye maji, funga robine. Kama haufiki, usiuzime moto huo kwa unga ukaacha gesi ikitoka. Ondoa watu, ondoka.

Hatua ya 9: Kufunga jioni

Wengi hufunga vifundo vya jiko na kwenda zao. Mpira unabaki umejaa gesi usiku kucha, na panya wa Goma hawana habari na mwaka uliochapishwa ubavuni mwake.

Funga bombone kwanza, majiko yakiwa bado yanawaka. Moto utapungua, utatetemeka, utazimika wenyewe baada ya kula gesi iliyobaki njiani. Hapo ndipo unafunga robine za matawi na vifundo. Ukiwa na jiko la kambi kwenye njia ya presha kubwa, moto wake utachukua muda zaidi kuzimika. Usiondoke mpaka uzimike, kisha lifungue kwenye mpira wake, uvishe ncha ya mpira kifuniko, uuning'inize nje.

Kila Jumatatu, sabuni tena, kwenye kolie na mdomo wa bombone tu. Na kila unapobadilisha bombone, hata kama aliyekuletea ni kaka yako na ameshafunga yeye mwenyewe.